Zimwi la Sentimita Moja

Mashabiki wa sinema za mazimwi makubwa hawaishi kubishana juu ya mwanzo wake. Wapo wanaoanzia 1933, sokwe King Kong alipoukwea mnara wa Empire State mjini New York. Wapo wasiotambua chochote kabla ya tarehe 3 Novemba 1954, Gojira alipoingia kwenye kumbi za sinema za Japani, akitoka baharini na kuisaga Tokyo kwa miguu. Mtu wa Korogwe ana haki ya kuingia kwenye ubishi huo na mwaka wake. Mwaka 1936, majaribio ya sinema yenye makao yake Vugiri, milimani, yalitoa filamu ambayo adui wake huingia mwilini kupitia ngozi ya nyayo, husafiri na damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha hujishikiza utumboni akanyonya damu kwa miezi na miaka. Urefu wake ni kama sentimita moja. Filamu hiyo inaitwa Tropical Hookworm, na zimwi lake ni mnyoo wa safura.

Huo si mzaha mtupu. Ukitaka kujua watu wa Korogwe na Handeni walitakiwa waogope nini na wakoloni wao, na kwa sauti ya nani, Vugiri ni pa kuanzia.

Kazi yenyewe iliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, na kati ya 1935 na 1937 ilikuwa na makao yake Vugiri, ukipandisha Usambara kutoka Korogwe. Wazo lilikuwa la Mmarekani J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, ambaye mwaka 1932 alikwenda kuchunguza jinsi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilivyokuwa ikigeuza maisha ya vijiji. Fedha za kuanzia, dola 55,000, zilitoka kwa Carnegie Corporation ya New York. G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, alishika upande wa mafunzo. Mwenye kamera, maabara na mafundi alikuwa Meja L. A. Notcutt, na huyu ndiye anayestahili kutazamwa kwa karibu zaidi.

Notcutt alitoka kwenye mkonge. Mwaka 1926 alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na akawaza kwamba sinema ya shambani ingesaidia kuwafanya vibarua watulie. Alianza kupiga picha mwenyewe, akiwatumia watu waliomzunguka. Kwa hiyo kabla sinema haijaitwa elimu katika sehemu hizi, ilikuwa dawa ya utulivu wa kambi.

Na kambi zilikuwa nyingi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka 1902 garimoshi likafika Korogwe. Baada ya hapo bonde lote la mto Ruvu, yaani Pangani, liligeuka mistari ya majani yenye miiba: Ngombezi, Magunga, Hale. Wakataji waliletwa kutoka mbali kwa mikataba, wakaitwa manamba, wakalazwa kwenye mabanda yaliyojengwa kwa haraka. Watu wengi waliokusanyika mahali pamoja, bila viatu, kwenye udongo wenye joto na unyevu, na vyoo visivyotosha: safura haihitaji mwaliko zaidi ya huo.

Studio ya Vugiri ingechekwa leo na kijana yeyote mwenye simu. Filamu zilikuwa za milimita 16, za bei nafuu, na zilisafishwa hapohapo mlimani, ambako baridi ilisaidia kazi ya dawa na maji. Sauti haikuwa kwenye filamu. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, kila lugha sahani yake: Kiswahili, Kiganda, Kinyanja, Kibemba na nyinginezo. Mwonyeshaji alitakiwa aanzishe mashine mbili kwa pamoja na kuomba zisipishane. Zilipopishana, msimulizi aliweza kuwa anaeleza jambo ambalo picha bado haijalifikia. Waigizaji walikuwa watu wa jirani ambao hawakuwahi kusimama mbele ya kamera. Kwa mpango huo zilitengenezwa filamu 35, na lori likazipeleka Tanganyika yote, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Uganda na Kenya. Maelfu kwa maelfu ya watu walikaa chini usiku, wengi wao wakiiona sinema kwa mara ya kwanza, na walichokiona kilikuwa milima ya Usambara.

Hadithi zenyewe zilikuwa nyembamba. Katika Post Office Savings Bank, mtu anafukia mshahara wake na kuibiwa, mwenzake anapeleka zake posta. Tax inaeleza kodi inakwenda wapi. The Chief inamwonyesha chifu wa kupendeza serikali, na Gumu inamfuata kijana anayeharibikiwa mjini. Palikuwa na chai, kahawa, ngozi, mmomonyoko wa udongo, malaria ya watoto. Moja ilitokana na hadithi ya sungura na chui, kana kwamba katikati ya mahubiri mtu alikumbuka kuwa watazamaji nao wana ngano zao.

Kati ya hizo 35, tatu ndizo zinazojulikana kubaki, zimehifadhiwa na British Film Institute mjini London: moja ya mafunzo ya mifugo, moja ya mashamba ya Kingolwira karibu na Morogoro, na ile ya safura. Aliyenusurika ni zimwi.

Filamu za afya za wakati ule zilitegemea ujanja uleule ambao baadaye ungewatajirisha watengenezaji wa Gojira: chukua kitu, kikuze mpaka kijaze pazia. Wakfu wa Rockefeller ulikuwa umeshaufanya mwaka 1920 kwa filamu yake Unhooking the Hookworm, iliyomtoa mnyoo kwenye hadubini na kumtandaza mbele ya wakulima wa kusini mwa Marekani. Ujanja wa namna hiyo ulizaa hadithi ambayo maofisa wa kikoloni walipenda kusimuliana wakiwa na glasi mkononi: eti wanakijiji walionyeshwa mbu mkubwa kwenye pazia, wakashukuru Mungu kwamba kwao mbu wa ukubwa huo hawapo. Mwenye kuhadithia hubadilika, nchi hubadilika, wakati mwingine hata mbu anageuka chawa au inzi. Mwanahistoria James Burns ameifuatilia na kuonyesha jinsi ilivyokuwa ikizunguka na kurudiwa kama ushahidi, huku ikijengewa juu yake nadharia nzima ya jinsi ya kumpigia Mwafrika picha: taratibu, bila ujanja, jambo moja kwa wakati.

Ushahidi wa kinyume ulikuwepo tangu mapema. Mwaka 1929 mwanabiolojia Julian Huxley alizunguka Afrika Mashariki na filamu chache, mojawapo ikionyesha mmea ukikua kwa kasi isiyo ya kawaida na kwa ukubwa usio wa kawaida. Baada ya maonyesho wanafunzi waliandika walichokiona. Walielewa. Huxley aliandika hivyo waziwazi mwaka 1931 katika kitabu chake Africa View, lakini kichekesho cha mbu kikaendelea kushinda, maana kichekesho hakihitaji kusomwa.

Tena ni ajabu kudhani kwamba watu wa pande hizi wangeshindwa kukielewa kiumbe kilichokuzwa. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa UMCA, misheni ileile iliyofungua kituo cha Magila na baadaye Korogwe, alichapisha ngano za Kiswahili alizosimuliwa Unguja. Mojawapo ni ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakula kuku, watu wanashtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Anakula mbuzi, ndama, ng'ombe, punda, ngamia. Jibu ni lilelile. Anakula watu. Siku anapowala wana wa sultani mwenyewe ndipo mfalme anapokiri kuwa huyo si paka tena, ni Nunda, mla watu. Kisha mwana aliyedharauliwa, mkaa jikoni, anakwenda porini kumtafuta, anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, kila safari mkubwa zaidi, na kila safari mama yake anamwambia bado, huyu siye. Anamwua twiga, anamwua tembo, bado siye. Yeyote aliyewahi kuandika filamu ya zimwi ataitambua kazi ya fundi hapo: kumchelewesha mnyama, kuwapa watazamaji vipimo vya kumpimia, kisha kumleta.

Uzuri wa ngano ya Nunda hauko kwenye ukubwa wa paka peke yake. Zimwi lina mfugaji. Lilikulia ndani ya jumba, likalishwa kwa ruhusa, na kila aliyelalamika aliambiwa mali ni ya mwenyewe.

Ndiyo maana shabiki wa Nunda akikutana na Gojira wa 1954 hajihisi mgeni. Tarehe 1 Machi mwaka huo Marekani ililipua bomu la haidrojeni kisiwani Bikini, na majivu yake yakawanyea wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa kwenye mashua iitwayo Daigo Fukuryu Maru. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba. Novemba filamu ikatoka, na kitu cha kwanza kinachoonekana ndani yake ni meli inayowaka kwa mwanga usioelezeka. Mwongozaji, Ishiro Honda, alikuwa askari aliyerudi kutoka vitani China akapita Hiroshima iliyokuwa majivu. Jinsi alivyoipiga Tokyo inaonyesha alikuwa ameona mji ulioungua kwa macho yake: wodi zilizojaa majeruhi, kipimo cha mionzi kinacholia juu ya mtoto, mama anayewakumbatia wanawe akiwaambia watamfuata baba yao. Filamu nyingi za aina hii hukimbilia kukanyaga. Honda anasimama kuhesabu waliokanyagwa.

Ufundi wake nao una ladha ya karakana ndogo. Eiji Tsuburaya, bwana wa picha za ujanja, alitamani kumsogeza mnyama kidogokidogo, fremu kwa fremu, kama alivyofanyiwa King Kong, lakini muda na fedha havikutosha. Ikabidi mtu, Haruo Nakajima, aingizwe ndani ya vazi zito la kilo kama 100, atembee kati ya nyumba za kuchezea, kamera ikienda mbio ili kwenye pazia mwendo uwe wa polepole na wenye uzito. Ndani ya vazi kulikuwa na joto la kuzimisha mtu. Ngurumo ya mnyama ilitengenezwa na mtunzi Akira Ifukube kwa kusugua nyuzi zilizolegezwa za zeze kubwa la besi kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu. Sauti ile bado inatisha kuliko nyingi za kompyuta zilizokuja baada yake, pengine kwa sababu ni kitu kilichosuguliwa kweli.

Halafu Gojira naye akapata msimulizi wa kuwekwa juu yake. Mwaka 1956 Wamarekani waliitoa upya kwa jina Godzilla, King of the Monsters!, wakampachika humo mwigizaji wao Raymond Burr kama mwandishi wa habari anayeyatazama yote na kuyaeleza, huku maneno mengi ya Wajapani kuhusu mabomu yakipungua. Picha ni zilezile za Honda. Zimwi ni lilelile. Mfugaji wake ndiye aliyefifia.

Vugiri ilikuwa imeshafanya jambo kama hilo miaka 20 kabla. Safura ni ugonjwa wa kweli, na ushauri wa kuchimba choo ulikuwa ushauri mwema; wazee wengi wamepona kwa ushauri wa namna hiyo. Lakini kusudi la sinema zile lilikuwa kumrekebisha mtazamaji: yeye ndiye asiyechimba choo, asiyeweka akiba, asiyejua kodi inamfaa nini. Mwenye shamba aliyeamua mabanda yawe mangapi na vyoo viwe vingapi hakuhitaji kurekebishwa. Ingekuwaje? Mwenye kamera alitoka hukohuko.

Ukishuka kutoka Vugiri na kuvuka Ruvu kuelekea Handeni, yaliyoachwa nje ya sinema zile yanazidi. Mwanahistoria James Giblin ameandika juu ya nchi ya Wazigua kati ya 1840 na 1940, na simulizi lake lingetosha filamu kadhaa za kutisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Mwaka 1894 wakaja nzige, njaa ikafuata, na kabla watu hawajainuka ikaja nyingine mwishoni mwa muongo. Watu walipopungua na kutawanyika, pori lililokuwa likizuiwa kwa jembe na moto likarudi, na ndani ya pori akarudi mbung'o, na kwa mbung'o ndorobo ya mifugo. Vita vya 1916 vilipitia Handeni kwenyewe, vikaondoka na chakula na wapagazi. Hoja ya Giblin ni kwamba Wazigua walikuwa na namna zao za kuishi na maradhi ya porini, na kwamba utawala wa kikoloni ulipovunja nguvu ya wakuu waliokuwa wakihifadhi na kugawa nafaka, ulivunja na namna hizo. Hapo kuna mnyama aliyelala, akaamshwa na wakubwa, akala mifugo ya nchi nzima. Honda angeijua hadithi hiyo mara moja. Orodha ya filamu za Vugiri haina nafasi yake.

Mwaka 1937 serikali za makoloni hazikuwa tayari kutoa fedha za kuendelea, na majaribio yakafungwa. Notcutt na Latham walitoa kitabu chao, The African and the Cinema, mwaka huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikuja filamu za Kiswahili zenye visa vya kuchangamka zaidi. Katika Muhogo Mchungu mhusika mkuu aliigizwa na kijana Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Na aliyekuwa na nauli ya kwenda Tanga mjini aliweza kuingia Majestic au Novelty akaona filamu za Kihindi na za Kimarekani bila kuulizwa kama amechimba choo.

Sahani za santuri, hata hivyo, zilipata wajukuu wasiotarajiwa. Video ilipoenea, msimulizi alirudi, safari hii bila serikali na bila misheni. Huko Dar es Salaam Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijijengea jina kwa kuweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje, na nakala zake zikauzwa kama mali yenye nembo. Hakutafsiri tu. Alimkejeli mhusika, alimpa jina jipya, alieleza kwa nini mchawi wa filamu ni kama wa kwetu, aliruka alichokiona cha kuchosha. Mtafiti Matthias Krings aliyemfuatilia anaichukulia kazi hiyo kama utunzi. Kwenye vibanda umiza vya mikoani, ambako kiti ni benchi na tiketi ni sarafu, filamu iliyotafsiriwa kwa namna hiyo ndiyo inayojaza watu, na Godzilla wa Hollywood wa 2014 akiingia mikononi mwa wasimulizi wa aina hii hatoki alivyoingia. Raymond Burr alipunguza maneno ya Wajapani. Msimulizi wa Bongo anaongeza ya kwake, na watazamaji wanajua fika kuwa anaongeza.

Mazimwi ya kutengenezwa nyumbani nayo yamekuja. Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003 na Shumileta mwaka 2005, filamu za bei ndogo zenye majini na vitisho, zilizochekwa na wasomi na kununuliwa na watu. Vazi linaonekana mishono, kama la Nakajima ukilitazama vizuri. Kinachokosekana bado ni mtu wa kuitazama nchi ya kati ya Handeni na Korogwe kwa jicho hilo, ilhali malighafi imelala wazi katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi lAjjemy. Humo kuna Mbegha, aliyezaliwa kigego huko Ngulu, meno ya juu yakitangulia, akanyimwa urithi na ndugu zake. Mwana wa mkuu wa Kilindi akauawa na nguruwe mwitu wakiwa pamoja mawindoni. Mbegha akakimbilia Usambara na mbwa wake, akiwagawia nyama watu ambao mashamba yao yalikuwa yakiliwa na nguruwe haohao, mpaka usiku wa Vugha alipomwua simba na kupewa enzi. Nguruwe wale wanafaa kuanza nao: kundi zima, gizani, kwenye migomba, wakisikika muda mrefu kabla ya kuonekana, na bajeti ya kwanza iende kwenye sauti.